Kiti cha Obama pale Springfield, na wapiga kura wanaokikuta kimeshakaliwa

Tangu mwaka 1991 eneo la 13 la Seneti ya jimbo la Illinois limepata maseneta wapya wanne. Watatu waliteuliwa na viongozi wa chama wa kata, kikao cha watu wachache kikamaliza kazi. Wa nne, Barack Obama, aligombea, lakini washindani wake wote kwenye mchujo walienguliwa kwa pingamizi kabla hata kura moja haijapigwa. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini hakuna mtu aliyekalia kiti hiki mara ya kwanza kwa kumbwaga mwenzake kwenye mchujo wa Democratic. Na upande huo wa Chicago, mchujo wa Democratic ndio uchaguzi. Novemba ni kukamilisha ratiba tu.

Wengi wetu huku Afrika Mashariki tunaijua hadithi ya Obama kuanzia hotuba ya Boston ya Julai 2004, kisha tunaruka hadi Novemba 2008, Rais Kibaki alipotangaza tarehe 6 kuwa siku ya mapumziko Kenya nzima na Kogelo ikakesha ikicheza. Miaka minane aliyokaa Springfield, makao makuu ya Illinois, tunaipita kama mtu anayepita kituo cha basi asichoshuka. Mimi naona ndiyo inayofundisha zaidi, na kinachofundisha kuliko Obama mwenyewe ni kile kiti, pamoja na waliokikalia kabla na baada yake.

Kwanza tuweke ramani sawa. Bunge la Illinois lina nyumba mbili. Seneti ina maeneo 59, na kila eneo la seneta limegawanywa katikati kupata maeneo mawili ya Baraza la Wawakilishi, ambalo kwa hesabu hiyo lina viti 118. Kwa sensa ya 2020 kila seneta anawakilisha watu wapatao 217,000. Eneo la 13 limebeba maeneo ya wawakilishi ya 25 na 26, na moyo wake ni Hyde Park, mtaa wa kusini mwa Chicago ufukweni mwa Ziwa Michigan, kilipo Chuo Kikuu cha Chicago. Weusi na weupe wameishi pamoja hapo kwa miongo mingi katika jiji lililogawanyika vibaya kwa rangi. Ni mtaa wa maprofesa, mawakili na watu wanaopenda kubishana. Wakati meya Richard J. Daley alipoishika Chicago nzima mkononi, kuanzia 1955 hadi alipofariki 1976, Hyde Park ndiyo iliyokuwa ikimpelekea madiwani na wabunge wasiomtii.

Mmoja wao alikuwa Richard Newhouse. Mwanasheria huyu, mzaliwa wa Kentucky aliyepigana Vita Kuu ya Pili, alichaguliwa kuingia Seneti mwaka 1966 na akakaa huko miaka 24. Mwaka 1975 alijitosa kumpinga Daley mwenyewe kwenye mchujo wa umeya, mtu mweusi kuomba kiti hicho kupitia Democratic wakati ambapo wazo hilo lilionekana kichekesho. Hakufika hata asilimia 10. Miaka minane baadaye Harold Washington, naye wa Hyde Park na naye aliyepitia Seneti ya Illinois, akashinda kiti hichohicho. Newhouse hakuwa na bahati ya wakati, lakini hakuna aliyeweza kusema amewekwa na mtu.

Kulikuwa na sababu moja zaidi iliyoufanya mtaa ule uwe na siasa hai, nayo ilikuwa ya kisheria. Hadi 1980 kila eneo la Baraza la Wawakilishi la Illinois lilitoa wabunge watatu, na mpiga kura alikuwa na kura tatu alizoweza kuzigawa apendavyo: moja kwa kila mgombea, au zote tatu kumpa mmoja. Chama kikubwa hakikuweza kufagia viti vyote, wala mashine ya meya, yaani mtandao wake wa chama mjini, haikuweza. Kundi dogo lenye msimamo, likirundika kura zake kwa mtu mmoja, lilimpitisha. Kwa utaratibu huo, mwaka 1978, Hyde Park ilipeleka Springfield wanawake wawili kwa mpigo: Barbara Flynn Currie, aliyedumu miaka 40 na kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza wabunge wa chama cha walio wengi katika Baraza lile, na Carol Moseley Braun, ambaye mwaka 1992 alichaguliwa kuwa mwanamke mweusi wa kwanza katika Seneti ya Marekani. Utaratibu huo ulikufa Novemba 1980. Mwanaharakati kijana aitwaye Pat Quinn aliwashawishi wapiga kura wapunguze wabunge kutoka 177 hadi 118 ili kuokoa fedha za umma, na wakiwa na hasira ya nyongeza ya mishahara ya wabunge, wakakubali. Tangu hapo ni eneo moja, mbunge mmoja. Fedha ziliokolewa, na mlango wa wagombea wasio na baba mjini ukawa mwembamba zaidi. Quinn tutakutana naye tena.

Sasa tuje 1991. Newhouse aliugua akaacha kiti katikati ya muhula. Kenya, mbunge akijiuzulu au akifariki, Spika anaitaarifu tume na uchaguzi mdogo unafanyika ndani ya siku 90. Tanzania nako jimbo likibaki wazi watu wanarudi kituoni. Illinois hawana utaratibu huo kwa bunge lao. Sheria inasema ndani ya siku 30 viongozi wa chama kilichokuwa na kiti, mmoja kutoka kila kata iliyoguswa na eneo hilo, wakutane na kuteua. Uzito wa kila mmoja unatokana na wingi wa kura za chama katika kipande cha kata yake kilichomo ndani ya eneo. Kwa hiyo mtu mwenye kata nene ya Democratic anaweza, pamoja na rafiki mmoja au wawili, kumtengeneza seneta kabla chai haijapoa. Msomaji wa Tanzania aliyeshuhudia kura za maoni za 2020 anaujua ule msemo kwamba wajumbe si watu. Wajumbe wa Chicago ni wachache kuliko wale, na hawahitaji hata ukumbi.

Safari hiyo waliteua vizuri. Alice Palmer alikuwa mwalimu mwenye shahada ya uzamivu kutoka Northwestern, mwanaharakati wa mrengo wa kushoto, mtu aliyeheshimika mtaani. Alikwenda kwa wapiga kura 1992 akiwa tayari ni seneta, akarudishwa. Kisha mwaka 1995 mbunge wa eneo la 2 la Congress, yaani bunge la taifa, Mel Reynolds, alipatikana na hatia katika kesi ya makosa ya kingono na msichana wa chini ya umri, akajiuzulu. Palmer alikuwa ameshaamua kuwania nafasi hiyo kabla ya hukumu, na akamtambulisha kijana wa kumrithi Springfield: wakili wa miaka 34, mhadhiri wa sheria Chuo Kikuu cha Chicago, aliyekuwa ameongoza kampeni ya 1992 ya kuandikisha wapiga kura weusi zaidi ya 100,000. Obama alitangaza nia Septemba 1995 katika hoteli moja ya Hyde Park.

Mpango ukaharibika Novemba 28. Jesse Jackson Mdogo alishinda mchujo ule wa Congress, Emil Jones, naye seneta wa Illinois, akawa wa pili, Palmer wa tatu. Wafuasi wa Palmer wakamtaka Obama ampishe mama arudi kwenye kiti chake. Akakataa. Alisema alikuwa amehakikishiwa kwamba Palmer hatarudi hata akishindwa, na watu walikuwa wameshachanga fedha na muda. Hapo sina ugomvi naye. Siasa si foleni ya zahanati, na aliyeaga ameaga.

Kilichofuata ndicho cha kutazama kwa karibu. Ili jina liingie kwenye karatasi ya mchujo, mgombea alihitaji saini 757 za wadhamini, wote wawe wapiga kura walioandikishwa ndani ya eneo. Palmer alikuwa na siku chache tu kabla ya mlango kufungwa Desemba 18. Wafuasi wake wakakimbia huku na huko, wakawasilisha saini 1,580, zaidi ya mara mbili ya zilizohitajika. Watu wa Obama wakaenda ofisi ya bodi ya uchaguzi ya Chicago na kuanza kuzipitia mstari kwa mstari. Huyu anuani yake haifanani na iliyo kwenye daftari: kata. Huyu anakaa ng'ambo ya mpaka wa eneo: kata. Huyu ameandika jina kwa herufi za kutenganisha badala ya kutia saini ya mwandiko: kata. Huyu aliyezunguka na karatasi hakuwa na sifa ya kukusanya: ukurasa mzima nje. Walipomaliza, Palmer alikuwa pungufu ya kiwango, akajitoa. Wagombea wengine watatu nao wakapekuliwa hivyo hivyo, wote wakaanguka. Machi 1996 mpiga kura wa eneo la 13 aliyefungua karatasi ya mchujo wa Seneti alikuta jina moja. Novemba Obama akapata asilimia 82.

Kila hatua ilikuwa halali. Mchezo huo Chicago ni wa zamani, mashine iliutumia miaka nenda rudi kuwamaliza wapinzani wadogo, na ndiyo sababu mgombea mwenye akili hukusanya saini mara tatu ya kiwango. Alipoulizwa miaka baadaye, akiwa tayari anawania urais, Obama alitetea kwamba mtu asiyeweza hata kupanga zoezi la saini ana walakini kama mwakilishi, na kwamba wapiga kura waliishia kupata seneta mzuri sana. Jibu la kwanza nalielewa, ingawa linamwadhibu mwenye saini aliyeandika jina lake vizuri mno. La pili ndilo linalonikera, maana kila mtu aliyewahi kupita bila kupingwa popote duniani hulitoa. Huenda ni kweli kwamba mtu aliyepatikana ni bora. Lakini aliyeamua ubora huo ni nani?

Tena jibu la wapiga kura lilipotafutwa, lilikuwa tofauti. Mwaka 2000 Obama alimvaa Bobby Rush, mkongwe aliyewahi kuwa kiongozi wa Black Panther, chama cha harakati za watu weusi, kwenye mchujo wa eneo la 1 la Congress. Ulikuwa mchujo wake wa kwanza kukutana na mtu kwenye karatasi. Rush alipata takriban asilimia 61, Obama 30. Watu wa mitaa ya kawaida ya kusini mwa jiji walimwona ni msomi wa chuo anayewapita kichwani. Hilo ni funzo ambalo 1996 ingeweza kumpa mapema, na kwa gharama ndogo zaidi.

Kabla hajapona vizuri, ikaja ramani. Illinois mipaka huchorwa na bunge lenyewe kila baada ya sensa, yaani fisi ndiye mchinjaji. Nyumba mbili zikishindwa kuelewana, inaundwa kamati ya watu wanane, wanne kwa kila chama. Nayo ikikwama, na hukwama, Mahakama ya Juu inatoa majina mawili, moja kwa kila chama, na linachotwa moja kwa bahati nasibu kuongeza mjumbe wa tisa. Ndiyo, jimbo lenye watu zaidi ya milioni 12 lilikuwa likiamua utawala wa miaka kumi kwa kuokota karatasi. Mwaka 1991 waliokota Republican, nao wakawasukuma wapiga kura weusi kwenye maeneo machache. Mwaka 2001 waliokota Democratic.

Obama hakusubiri karatasi ichotwe. Msimu ule wa kuchipua alikaa na mtaalamu wa ramani wa chama mbele ya kompyuta katika jengo la ofisi la Springfield, wakachora eneo jipya la 13. Lile la zamani lilikwenda kutoka Hyde Park na South Shore kuelekea magharibi, likaingia Englewood, miongoni mwa mitaa iliyochoka kuliko yote Chicago. Jipya liligeuzia mgongo magharibi, likapanda kaskazini kufuata ufukwe wa ziwa, likapita katikati ya jiji hadi Gold Coast, wanakokaa matajiri wenye kuchangia kampeni. Watu weusi waliendelea kuwa wengi, hilo lilihifadhiwa. Lakini eneo sasa lilikuwa na fedha zaidi, elimu zaidi, weupe zaidi na Wayahudi zaidi. Mtu mwenye ndoto ya kugombea Illinois nzima hangeweza kujichorea wapiga kura wa mazoezi bora kuliko hao. Huyo wa Englewood aliyempigia 1996 na 1998 hakuulizwa kama anataka kuhamishwa.

Haki yake apewe pia. Ramani hiyo ilisaidia Democratic kuitwaa Seneti kuanzia Januari 2003, Emil Jones akawa rais wa Seneti, na Obama, aliyekuwa amekaa miaka sita kwenye benchi la wachache, akapitisha sheria kwa mfululizo. Moja ililazimisha polisi kurekodi mahojiano ya washukiwa wa mauaji, katika jimbo ambalo watu walikuwa wamepelekwa kusubiri adhabu ya kifo kwa maungamo ya mateso. Na Machi 2004 alishinda mchujo wa Seneti ya Marekani mbele ya wagombea wengine sita, akiwa na takriban asilimia 53. Hapo alichaguliwa, hakuna wa kubisha.

Alipoondoka Novemba mwaka huo, wajumbe wa kata wakakutana tena. Wakamteua Kwame Raoul, wakili, mtoto wa wahamiaji kutoka Haiti, ambaye baba yake alikuwa daktari wa mtaa. Raoul ndiye aliyeusimamia Seneti muswada wa kufuta adhabu ya kifo, uliotiwa saini Machi 2011 na gavana wa wakati huo, Pat Quinn, yule yule wa 1980. Mwaka 2018 Raoul akagombea uanasheria mkuu wa jimbo, akawashinda wagombea saba kwenye mchujo, Quinn akiwa wa pili. Kiti kikabaki wazi Januari 2019, wajumbe wakakutana mara ya tatu, safari hii wakamteua Robert Peters, mwanaharakati kijana aliyetoka kwenye vuguvugu la kutetea wanaowekwa rumande kwa kukosa fedha ya dhamana. Septemba 18, 2023 Illinois ikawa jimbo la kwanza Marekani kufuta kabisa dhamana ya fedha, na Peters alikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Mwaka 2025 alitangaza kuwania Congress, eneo la 2, lile lile lililomponza Palmer.

Ukiwapanga hawa kwa sifa, hakuna dhaifu. Wametoa rais wa nchi, wamezika kitanzi, wamefuta dhamana. Ndiyo maana mjadala wa eneo hili huishia haraka: uteuzi umefanya kazi, waacheni. Nadhani hoja hiyo inachanganya vitu viwili. Wajumbe wa Hyde Park wamechagua vizuri kwa sababu wao wenyewe wametoka kwenye mtaa wenye kelele, uliorithi tabia ya Newhouse na ya kura za kurundika. Sheria hiyohiyo inatumika maeneo yote 59, pamoja na yale ambako kiongozi wa kata humteua mwanawe au karani wake, na huko hakuna anayeandika makala. Halafu mteule haji kwa wapiga kura kama mgeni. Anakuja na cheo, ofisi, jina kwenye barua, wafadhili waliokwisha kumzoea. Muhula wa seneta ukiwa umebaki zaidi ya miezi 28, sheria inamtaka aende kwenye uchaguzi mkuu unaofuata, na anakwenda, lakini anayemkabili anapambana na mtu ambaye ameshaitwa mheshimiwa kwa mwaka mmoja au miwili.

Karibu nusu ya majimbo ya Marekani hufanya uchaguzi mdogo kiti cha bunge la jimbo kikibaki wazi, kwa hiyo si jambo geni kwao. Watetezi wa uteuzi Illinois husema ni gharama, na watu wachache hujitokeza. Gharama ni kweli pale inapobidi kufungua vituo kwa ajili ya kiti kimoja tu. Lakini tazama kalenda ya 2019. Peters aliteuliwa Januari. Februari 26 vituo vyote vya Chicago vilifunguliwa, watu wakachagua meya kati ya majina 14. Aprili 2 vikafunguliwa tena kwa duru ya pili, Lori Lightfoot dhidi ya Toni Preckwinkle, aliyewahi kuwa diwani kwa miaka mingi wa kata inayogusa Hyde Park. Mara mbili ndani ya wiki tano wakazi wa eneo la 13 walipanga foleni, wakapewa karatasi, wakaamua nani aongoze jiji la watu milioni 2.7. Mstari mmoja zaidi kwenye karatasi ile, wa kuwauliza ni nani aende Springfield kwa niaba yao, usingegharimu hata kituo kimoja cha ziada.